Dhambi Hairithiwi, Deni Hurithiwa: Nani Hulipa Nchi Inapodhulumu?



Ndugu zangu wanafunzi, tangu mwaka 2022, kila ifikapo tarehe 1 Septemba, Uganda inatakiwa iilipe Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dola milioni 65. Awamu ni tano, ya mwisho ikiwa Septemba 2026, na jumla yake ni dola milioni 325. Hiyo ndiyo fidia iliyoamriwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, tarehe 9 Februari 2022, kwa maovu yaliyotendwa na jeshi la Uganda katika ardhi ya Kongo wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1998.

Fedha hizo hazitoki mfukoni mwa jenerali. Zinatoka hazina ya serikali, na hazina hujazwa na kodi ya mkulima wa kahawa, ya dereva wa bodaboda, ya mama anayenunua sabuni dukani. Mfikirie mwanafunzi mwenzetu wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kule Mbale, aliyezaliwa mwaka 2004. Jeshi la nchi yake lilikuwa limekwisha kuondoka Kongo kabla hajazaliwa. Hakubeba bunduki, hakupiga kura, hakuona hata gramu moja ya dhahabu ya Ituri. Kwa nini alipe?

Kwetu Waislamu swali hili ni zito zaidi, kwa sababu Qur'ani inatufundisha, tena si mahali pamoja tu, kwamba hakuna nafsi itakayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine. Msomaji arejee Suratul An'aam, aya ya 164. Basi je, sheria ya kimataifa inapoifanya nchi nzima ilipe, haiendi kinyume na msingi huo? Jibu langu ni kwamba haiendi kinyume, mradi tutenganishe vitu viwili ambavyo tunavichanganya kila siku: dhambi na deni.

Kesi yenyewe, na sisi wa Bujumbura

Msidhani nazungumzia mambo ya majirani. Tarehe 23 Juni 1999 Kongo haikufungua kesi moja The Hague. Ilifungua tatu kwa siku hiyo hiyo: dhidi ya Uganda, dhidi ya Rwanda, na dhidi ya Burundi. Zote tatu zilidai kwamba majeshi ya nchi hizo yameivamia Kongo. Uganda ilikuwa imekubali tangu mwaka 1963 kwamba mahakama hiyo inaweza kuihukumu. Burundi na Rwanda hazikuwa zimetoa ridhaa ya namna hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2001 Kongo yenyewe ikaomba kesi hizo mbili ziondolewe, na tarehe 30 Januari 2001 zikafutwa kwenye orodha. Kongo ilipojaribu tena dhidi ya Rwanda mwaka 2002, mahakama ilisema tarehe 3 Februari 2006 kwamba haina mamlaka ya kuisikiliza.

Kwa hiyo kesi ya Burundi haikusikilizwa. Hakuna jaji aliyesema tuna makosa, wala hakuna aliyesema hatuna. Nitalirudia jambo hili, maana ndani yake mna somo.

Kesi ya Uganda iliendelea, na hukumu ya kwanza ikatoka tarehe 19 Desemba 2005. Mahakama ilisema Uganda ilivunja katazo la kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine, na kwamba ilikuwa imeikalia Ituri kimabavu. Wanajeshi wake waliua na kutesa raia, waliharibu vijiji, walifundisha watoto vita, na walipora mali ya asili. Hata Kongo haikuachwa: ilionekana nayo ina wajibu wa kuifidia Uganda kwa sababu ya kushambuliwa kwa ubalozi wake mjini Kinshasa na kudhalilishwa kwa wanadiplomasia wake. Aliyedhulumiwa hakupewa ruhusa ya kudhulumu.

Mwaka 2022 mahakama ikakadiria fidia: dola milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa utajiri wa asili. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Mahakama ilikadiria kwamba vifo ambavyo Uganda inapaswa kuvifidia ni kati ya 10,000 na 15,000. Soma tena tarakimu hizo polepole, kisha uzilinganishe na dola milioni 225, ambazo ndani yake wamo pia waliojeruhiwa, waliobakwa, watoto waliofanywa askari na waliofukuzwa makwao. Hakuna anayeweza kusema kwamba fidia hiyo inalingana na msiba.

Kamanda anapokiuka amri

Kuna utetezi ambao serikali zote hupenda kuutumia: askari walifanya kwa utashi wao, sisi hatukuwatuma. Katika kesi hii ulijitokeza wazi. Mwezi Juni 1999 Jenerali James Kazini, kamanda wa majeshi ya Uganda nchini Kongo, aliunda mkoa mpya wa Kibali-Ituri na kuuteulia gavana, kana kwamba ni ardhi ya kwao. Mahakama ilisema kwamba hata kama alikiuka amri za wakubwa wake na akaadhibiwa kwa hilo, kitendo chake kinathibitisha kuwa Uganda ilikuwa ikiitawala Ituri. Na kuhusu uporaji, mahakama haikuona ushahidi kwamba serikali ya Kampala iliupanga kama sera. Hata hivyo ilisema Uganda inawajibika, kwa kuwa waliopora walikuwa askari wake, na kwa kuwa haikuwazuia. Msingi huo umeandikwa pia katika kanuni za uwajibikaji wa nchi zilizokamilishwa mwaka 2001 na Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa: anayetenda akiwa amevaa sare ya nchi, kitendo chake ni cha nchi, hata akivuka mipaka ya aliyoagizwa.

Niliposoma sehemu hiyo sikuiona ngeni. Tunayo katika sira. Mwaka wa 8 wa Hijra, baada ya kufunguliwa Makka, Mtume (s.a.w.) alimtuma Khalid bin al-Walid (r.a.) kwa Bani Jadhima awalinganie Uislamu. Watu wale hawakujua kutamka vizuri kwamba wamesilimu. Walitumia neno lenye maana ya kwamba wameacha dini yao ya zamani. Khalid hakuliridhia, akawateka, na akaamuru mateka wauawe. Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwemo katika jeshi hilo, akakataa kumuua mateka wake, na wenzake wakakataa pamoja naye. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), aliinua mikono akajitenga mbele ya Allah na kitendo alichokifanya Khalid, na alilisema hilo mara mbili. Haya yamo katika Sahih al-Bukhari.

Waandishi wa sira wanaendelea kusimulia kwamba alimtuma Ali bin Abi Talib (r.a.) na mali, akalipa diya ya waliouawa na thamani ya vilivyoharibiwa, hata chombo cha kunyweshea mbwa. Ikabaki ziada, naye Ali akawaachia kwa ajili ya madhara ambayo huenda wao wala yeye hawakuyajua.

Mtume (s.a.w.) hakuagiza mauaji yale. Aliyakana waziwazi. Pamoja na hayo hakuwaambia wafiwa wamfuate Khalid mwenyewe. Kukana kitendo kulikuwa jambo moja, na kulipa lilikuwa jambo la pili, naye aliyafanya yote mawili. Serikali nyingi leo hufanya la kwanza ili zikwepe la pili.

Na tusimsahau Ibn Umar. Kulipa kwa uongozi hakukuondoa wajibu wa askari mmoja mmoja wa kusema hapana pale alipoamriwa dhulma.

Dhambi na deni

Sasa turudi kwa mwanafunzi wa Mbale. Dhambi ya Ituri si yake, na mtu yeyote anayemwita muuaji kwa sababu ni Mganda anamdhulumu. Dhambi ina wenyewe, na mlango wao uko kwingine. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga miaka 14 mwaka 2012, na Bosco Ntaganda miaka 30 mwaka 2019, kwa maovu ya Ituri waliyoyatenda wakiwa viongozi wa kundi lenye silaha. Hapo anahukumiwa mtu kwa jina lake. Na juu ya mahakama hiyo ipo Mahakama ya Siku ya Kiyama, ambayo haina tatizo la mamlaka.

Lakini deni halifuati mwendo wa dhambi. Mtu anapofariki, madeni yake hulipwa kabla warithi hawajagawana kitu. Watoto hawakukopa, wala hawana hatia, ila mali waliyoikuta ina haki ya mtu ndani yake. Tunajua pia kisa cha Abu Qatada (r.a.). Ililetwa maiti ya mtu mwenye deni na Mtume (s.a.w.) hakutaka kumswalia, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile kuwa lake. Abu Qatada hakukosa kitu. Alibeba deni bila ya kubeba dhambi. Katika diya ya kuua kwa makosa, fiqhi inawatwisha malipo jamaa wa upande wa baba wa muuaji, wale wanaoitwa aqila, ingawa hawakuwepo kwenye tukio.

Mwenzetu wa sheria atanipinga hapa, na ana haki. Atasema aqila hawalipi katika kuua kwa kusudi, na vita vya Kongo havikuwa bahati mbaya. Ni kweli. Aliyeua kwa kusudi hulipa kutoka mali yake mwenyewe. Lakini katika kesi hii nani ni mtendaji? Ni nchi, na mali ya nchi ni hazina yake. Uganda inapolipa kutoka hazina, inalipa kutoka mfuko wake yenyewe. Nchi haifi rais anapobadilika. Mikataba iliyotiwa saini na serikali iliyopita inaendelea, mikopo iliyochukuliwa inaendelea, barabara zilizojengwa zinaendelea kutumika. Mwananchi anayerithi barabara hawezi kusema kwamba deni peke yake ndilo lisilomhusu.

Sisi Warundi tunaikubali hoja hii kila inapokuwa upande wetu. Mwaka 2018 Seneti yetu iliunda jopo la wataalamu kuchunguza madhara ya ukoloni wa Ujerumani na Ubelgiji, na mwaka 2020 iliripotiwa kwamba Burundi inakusudia kudai fidia ya takriban dola bilioni 43. Mwanafunzi wa leo katika chuo cha Brussels hakuwepo Ubelgiji ilipotutawala. Ukoloni wake ulikwisha hapa mwaka 1962. Tukimdai yeye kupitia hazina ya nchi yake, tumekubali kwamba deni la nchi linavuka vizazi. Hatuwezi kuishika kanuni hiyo tunapodai na kuitupa tunapodaiwa. Suratul Mutaffifin inawaonya wanaojipimia kikamilifu wanapopokea na wakapunguza wanapowapimia wengine, na sioni kwa nini onyo hilo liishie kwenye mizani ya sokoni.

Na tunao mfano wa nyumbani kabisa. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia nchi hii, na ardhi yao, Rumonge na Nyanza-Lac kwa mfano, ikagawiwa wengine, mara nyingine na serikali yenyewe. Wakimbizi waliporudi miaka mingi baadaye walikuta watu wanalima, wamejenga, wamezika wazee wao pale. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliyoanzishwa mwaka 2006, kuna wakati iliwagawanyia pande mbili shamba moja, na kuna wakati iliirudisha ardhi yote kwa aliyefukuzwa. Kila njia iliacha machozi. Aliyezaliwa juu ya ardhi ile hakumfukuza mtu, na aliyerudi hakuacha kuwa na haki. Ndiyo maana nasema deni likishatambuliwa, nchi ndiyo inayopaswa kuwa ya kwanza kulibeba, kwa kuwa nchi ndiyo iliyogawa. Ikikwepa, mzigo unawaangukia maskini wawili wasio na hatia, ambao wataanza kuchukiana.

Hapo ndipo ninapouona ubora wa kuifanya nchi ilipe. Deni la nchi likilipwa kwa utaratibu, hasira haina haja ya kumtafuta jirani. Lisipolipwa, watu hulidai wao wenyewe, na hulidai kwa kabila, kwa lafudhi, kwa sura ya uso. Sisi wa eneo hili la Maziwa Makuu hatuhitaji kufundishwa hilo.

Fidia ni amana

Kulipa pia si mwisho. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya mji wa Kisangani, katika nchi isiyo yao. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikadiria raia zaidi ya 760 waliuawa na 1,700 kujeruhiwa. Siku chache baadaye Baraza la Usalama, katika azimio namba 1304, lilisema nchi zote mbili zinapaswa kuwafidia watu wa mji huo. Uganda ilianza kulipa Septemba 2022, miaka 22 baadaye, na kwa sababu ya hukumu ya mahakama.

Fedha hizo hupokelewa na serikali ya Kongo, iliyounda mfuko maalumu wa wahanga wenye makao yake Kisangani. Septemba 2025 mahakama kuu mjini Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria miaka mitatu ya kazi ngumu katika kesi ya dola milioni 19 zilizotolewa kwenye fedha hizo kwa ajili ya kujenga gereza. Mwenyewe alikana kosa. Hata hivyo somo liko wazi: serikali inayodai kwa niaba ya mjane ni wakili wa mjane, haijawa mrithi wake. Mali aliyoiacha Ali kwa Bani Jadhima ilifika kwenye mikono ya wafiwa.

Wajibu wa asiyekuwemo

Kanuni za mwaka 2001 zina kipengele kimoja kinachotuhusu hata pale ambapo nchi yetu haijashtakiwa. Zinasema kwamba nchi moja inapovunja kwa uzito zile kanuni kuu kabisa, kama katazo la uvamizi, mauaji ya kimbari au utesaji, nchi zote nyingine zina wajibu: zishirikiane kwa njia halali kuukomesha uovu huo, zisiitambue hali iliyotokana nao kuwa halali, na zisisaidie kuiendeleza. Kwa msingi wa aina hiyo Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema mwaka 1971 kuhusu Namibia, na tena tarehe 19 Julai 2024 kuhusu ardhi za Palestina zilizokaliwa, kwamba nchi nyingine hazipaswi kuutambua ukaliaji huo wala kuusaidia.

Maoni ya 2024 yalitufurahisha sana vyuoni, na ilistahiki. Lakini kipimo kile kile kinafaa kwa Ituri na Kivu. Mtume (s.a.w.) alipofundisha kwamba umsaidie ndugu yako akiwa mdhulumiwa au akiwa dhalimu, aliulizwa atasaidiwa vipi dhalimu, akaeleza kwamba ni kwa kumzuia asidhulumu. Na Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tuishuhudie haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Nchi ya mtu ni miongoni mwa jamaa zake.

Uvira tunaiona kwa macho kutoka ufukweni mwetu. Februari 2025 maelfu ya watu walivuka mto Rusizi kuja kwetu, wengi wakalazwa kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Wanajeshi wa nchi yetu nao wamepelekwa Kivu ya Kusini kwa makubaliano na Kinshasa. Ridhaa ya mwenye nyumba inahalalisha kuingia. Haihalalishi kila kitakachofanywa ndani. Kila askari anayevuka mpaka amebeba pia jina letu, na pengine deni la mtoto ambaye bado hajazaliwa Buyenzi au Kinama. Kumwombea arudi salama ni haki yake. Kutaka afuate sheria na amwogope Allah katika damu za watu ni haki yake pia, na ni haki ya wale anaowakuta huko.

Nilisema nitarudi kwenye kesi iliyofutwa mwaka 2001. Mahakama ikikosa mamlaka, faili hufungwa. Haki za waja hazifungwi namna hiyo. Katika dini yetu toba ya haki ya binadamu haikamiliki mpaka kilichochukuliwa kirudishwe au mwenyewe asamehe. Kama Wakongo hawatudai kitu, tutalijua hilo kwa kuchunguza na kuwauliza walioishi ng'ambo ya ziwa, wala hatutalijua kwa kuangalia orodha ya kesi. Na kama wanatudai, ni heri tulisikie kutoka kwao hapa duniani, ambako bado deni hulipwa kwa faranga na dola. Huko tuendako hulipwa kwa mema ya mtu, na yakiisha, hubebeshwa maovu ya aliowadhulumu.

Allah atupe uadilifu wa kudai kilicho chetu na ujasiri wa kulipa kilicho cha wengine. Wabillahi tawfiq.